Kabla Hujanunua Nyumba ya Kale Lushoto

Matangazo ya nyumba za kale zinazouzwa Lushoto yana maneno yaleyale: nyumba ya Mjerumani, imekarabatiwa, ina hati, hewa safi, bonde lote unaliona. Anayelisoma tangazo hilo Dar es Salaam mwezi wa Februari, jasho likimtoka, anakuwa tayari kulipa kabla hajapanda basi. Ninamwandikia mtu huyo. Hewa ya Lushoto haihitaji ushahidi, na bonde utaliona mwenyewe ukisimama barazani. Kuna mambo mawili ambayo hayaonekani kwenye picha, nayo ndiyo yatakayoamua kama umenunua nyumba au umenunua kesi: maji ya mvua yanakwenda wapi, na ardhi hiyo imepita mikononi mwa nani hadi kumfikia anayekuuzia. Rangi mpya haijibu hata moja kati ya hayo.

Tuanze na umri, kwa kuwa ndio unaopandisha bei. Mji huu Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao Wilhelm wa Pili. Uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,400, na wakubwa wa serikali ya kikoloni waliupenda kwa sababu waliweza kulala bila kusumbuliwa na joto la pwani. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, na kutoka Mombo barabara ikachongwa ubavuni mwa mlima kupitia Soni hadi Lushoto, kilomita 33 hivi. Vioo, mabati na bawaba vilipandishwa kwa njia hiyo. Mbao zilikuwa hukuhuku juu. Msitu wa Shume ulikuwa na mitarakwa na mipodo mingi kiasi kwamba Wajerumani walijenga njia ya waya ya kuteremshia magogo hadi stesheni ya Mkumbara. Ukikuta dari au sakafu ya mtarakwa katika nyumba ya zamani ya milima hii ya Usambara, jua kwamba hiyo ni sehemu yenye thamani zaidi kuliko jiko jipya alilokuwekea muuzaji, kwa sababu jiko linanunuliwa tena na mtarakwa wa umri ule haupatikani kirahisi.

Ila si kila nyumba ya Mjerumani ni ya enzi ya Wajerumani. Waingereza waliuchukua mji mwaka 1916. Wajerumani wakaondolewa, mali zao zikawekwa chini ya msimamizi wa mali za adui, kisha zikauzwa. Kuanzia mwaka 1925 waliruhusiwa kurudi Tanganyika, na baadhi yao walirudi milimani wakanunua mashamba na kujenga upya. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939, mali zao zikashikwa tena. Kwa hiyo nyumba yenye kuta za matofali ya kuchoma, baraza pana na mahali pa kuotea moto inaweza kuwa ya mwaka 1905, au ya 1935, au ya mlowezi Mwingereza aliyekuja baadaye. Zote ni nzuri. Lakini kama bei imepandishwa kwa sababu ya umri, omba ushahidi wa umri. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, inahifadhi majalada ya utawala wa Kijerumani, na mtafiti mzoefu unayemlipa kwa kazi ya siku chache anaweza kukuambia kama shamba hilo limetajwa humo. Picha ya zamani iliyotundikwa ukutani na muuzaji si ushahidi mpaka uone inaonyesha paa lilelile na mlima uleule nyuma yake.

Kuna pia nyumba za kale ambazo madalali hawazitangazi kabisa, nami naona zina thamani kubwa kwa historia yetu kuliko nyingi za wageni. Ni za Wasambaa wenyewe, hasa upande wa Mlalo na Mtae: kuta za udongo juu ya miti, pengine ghorofa moja, na roshani ya mbao inayotazama njia. Hakuna anayeziita za kihistoria, ndiyo maana zinabomolewa kimyakimya na mahali pake kusimamishwa nyumba ya bloku. Mwenye fedha ya kutosha kununua jumba la mlowezi anaweza kuokoa nyumba ya namna hii kwa gharama ndogo zaidi, akikubaliana na familia inayoimiliki. Mengi ninayoyasema hapa kuhusu maji yanaihusu pia, tena zaidi, kwa kuwa udongo hausamehe paa linalovuja.

Sasa maji. Nenda ukaione nyumba wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na ikiwezekana mvua iwe inanyesha. Ukishindwa, nenda vuli, mwezi wa Novemba. Usiridhike na ziara ya Agosti au Septemba, maana wakati huo karibu kila nyumba ya Lushoto ni kavu na kila mtaro unaonekana unatosha. Ukifika, usiingie ndani kwanza. Zunguka nyuma. Nyumba nyingi za milimani zimejengwa kwenye kiwanja kilichochimbwa ubavuni: mbele pana bonde, nyuma pana ukingo wa udongo uliokatwa wima. Maji yote ya mteremko ulio juu yako yanakuja kwenye ukingo huo. Wajenzi wa zamani walijua hilo, na kwa kawaida waliacha nafasi kati ya ukingo na ukuta, wakachimba mtaro wa mawe unaozunguka nyumba na kuyatoa maji pembeni. Tazama kama mtaro huo bado upo. Mara nyingi ukarabati wa siku hizi huufukia ili kupata maegesho au bustani, au humwaga zege hadi kwenye ukuta ili pawe pasafi. Huo usafi unayaelekeza maji kwenye msingi.

Kama ukingo umeshikiliwa na ukuta wa mawe, tafuta matundu ya kutolea maji chini yake. Ukuta usio na matundu unabeba udongo pamoja na maji, na siku moja hushindwa. Tazama pia juu ya ukingo: miti iliyoinama kuelekea nyumba, nyufa kwenye ardhi, shamba la kabichi au karoti linalomwagiliwa bila matuta. Kila anayepita barabara ya Mombo wakati wa masika anajua jinsi mlima huu unavyomeguka. Mamlaka za kikoloni zililazimisha matuta Mlalo tangu miaka ya 1940 na wananchi wakayakataa kwa sababu ya jinsi yalivyolazimishwa. Baadaye wakulima wengi wameyakubali kwa hiari yao, na jirani wa juu mwenye matuta mazuri ni sehemu ya usalama wa nyumba yako. Mtembelee. Salimia, kaa, uliza shamba lake linapitisha wapi maji. Atakuambia mengi ambayo dalali hayajui.

Ukitoka nyuma, tazama kuta. Hapa ndipo neno «imekarabatiwa» linapoumiza watu wengi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nyumba za zamani zilijengwa kwa mawe na matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo au chokaa, na kupigwa lipu ya chokaa. Ukuta wa namna hiyo hauzuii unyevu. Unaupokea na kuutoa. Unyevu wa ardhini unapanda kidogo, mvua inalowesha kidogo, kisha jua na upepo vinaukausha kupitia kwenye chokaa, kama mtungi wa udongo unavyotoa jasho ubavuni na maji ya ndani yakabaki baridi. Fundi wa leo aliyefundishwa saruji anauona ukuta huo kuwa dhaifu. Anabandua lipu ya zamani, anapiga lipu ya saruji, juu yake anaweka poda ya kulainisha ukuta na rangi ya plastiki inayong'aa. Siku ya kupiga picha nyumba inapendeza sana. Lakini saruji ni ngumu na imefumbwa, na unyevu ulioko ndani hauna tena pa kutokea. Unapanda juu zaidi, unabeba chumvi, na baada ya masika mbili au tatu rangi inavimba, unga mweupe unatoka, lipu inaachana na tofali. Kinachouma zaidi ni kwamba tofali lenyewe, ambalo lilikuwa limedumu miaka mia, linaanza kumeguka nyuma ya lipu bila wewe kuliona.

Kuchunguza hakuhitaji vifaa vya gharama. Chukua msumari, ukwangue lipu mahali pasipoonekana, kwa mfano nyuma ya mlango wa stoo. Chokaa inakwanguka kwa urahisi, saruji inakataa. Gonga ukuta kwa vidole kuanzia sakafuni hadi kifuani, chumba kwa chumba; penye mlio mtupu, lipu imeshaachana na ukuta. Sogeza kabati, inua zulia, weka kiganja pembeni mwa madirisha. Nusa. Chumba kilichopakwa rangi wiki iliyopita kina harufu ya rangi, na nyuma ya harufu hiyo ukitulia unaweza kusikia ya ukungu. Ukimkuta muuzaji amepaka rangi vyumba vya upande wa mlimani peke yake, uliza kwa nini.

Kama nyumba imepigwa saruji nje na ndani, usikimbie, lakini bei ishuke. Kuitoa saruji hiyo taratibu bila kuvunja matofali ni kazi ya miezi, na fundi wa chokaa hapatikani kila kona. Chokaa yenyewe haiko mbali: Tanga ina mawe ya chokaa. Mafundi wanaoijua vizuri kazi hiyo utawapata zaidi ukanda wa pwani na Zanzibar, mahali ambapo nyumba za mawe zimeitumia kwa karne nyingi.

Na usidhani jina kubwa la mkarabati linaondoa hatari. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ilikuwa katikati ya ukarabati sehemu yake ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Jengo la kale likishaguswa, mizigo inahama kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine, na anayekarabati lazima ajue inahamia wapi. Kwa hiyo muulize muuzaji wa Lushoto swali hilohilo kwa kiwango cha nyumba: ni ukuta gani uliondolewa ili sebule iwe kubwa, na juu yake kumewekwa nini? Anayejua atakuonyesha boriti. Asiyejua atakuambia fundi alihakikisha.

Mwombe pia kumbukumbu za ukarabati. Picha za kabla, za wakati wa kazi na za baada. Risiti za vifaa. Jina la mhandisi au mbunifu aliyesimamia, ambaye unaweza kuthibitisha usajili wake kwenye bodi yake. Kibali cha ujenzi cha halmashauri. Mtu aliyekarabati kwa upendo amepiga picha, kwa sababu kazi hiyo inavutia. Asiyekuwa na hata picha moja ya kuta zikiwa wazi amekuuzia rangi.

Kuhusu nyufa: weka alama ya penseli kwenye mwisho wa kila ufa, andika tarehe, kisha rudi baada ya mvua. Ufa uliosimama si tatizo kubwa. Ufa wa mshazari unaotoka pembe ya dirisha na kupanuka, pamoja na mlango unaokwama chumba hichohicho, unaonyesha msingi unashuka upande mmoja. Hapo lipa mhandisi aje kabla hujalipa kitu kingine.

Paa lipande mtu mwenye tochi na bisibisi. Madari ya jipsamu yamekuwa kawaida kwenye nyumba zilizokarabatiwa, nayo yanaficha kila kitu: kenchi zilizooza pale zinapokaa juu ya ukuta, njia za mchwa, vumbi la wadudu wanaotoboa mbao. Kama hakuna mlango wa kuingilia darini, omba utobolewe, na ugharimie wewe kuziba. Choma bisibisi kwenye miisho ya kenchi. Ikizama kama kwenye ndizi mbivu, andika gharama. Mabati mapya uliza geji yake, maana mabati membamba juu ya kenchi za kale hupiga kelele na kuvuja misumari ikilegea. Kama ni paa la miaka ya 1950 lenye vipande vya kijivu vigumu, huenda ni asbesto; usiruhusu mtu alikate kwa msumeno kabla ya kupata ushauri wa wataalamu wa usalama mahali pa kazi. Mifereji ya paa ifuate hadi mwisho wake. Mingine inamwaga maji palepale penye pembe ya nyumba.

Sakafu za mbao zina siri moja ambayo wakarabati wengi hawaijui. Chini yake kuna nafasi, na kwenye msingi wa nje kuna matundu madogo yenye wavu au chuma, ya kupitisha hewa ili mbao zisioze. Zunguka uyahesabu. Yakiwa yamezibwa kwa saruji ya baraza mpya au kwa udongo wa bustani, sakafu hiyo imeanza kuoza, hata kama imepigwa vanishi inayometa. Kama sakafu imefunikwa kwa marumaru, uliza kama mbao ziko chini yake au zilitolewa, na zilikwenda wapi.

Umeme wa nyaya za zamani ubadilishwe wote, hakuna mjadala. Dohani iwashie moto mbele ya muuzaji: usiku wa Juni na Julai utauhitaji moto huo, na moshi ukirudi sebuleni utajua bomba limeziba au limevunjwa juu. Shimo la maji taka ulione kwa macho.

Sasa hati, na hapa ninakuomba usome polepole, kwa kuwa Usambara ina historia ya ardhi yenye mikunjo mingi.

Ardhi yote Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Mtu binafsi ana haki ya kuimiliki kwa muda na kwa masharti. Hivyo ndivyo isemavyo Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, na ardhi ya vijiji ina sheria yake, Na. 5 ya mwaka huohuo. Mashamba ya walowezi yalianza na umiliki wa kudumu wa kikoloni. Serikali huru iliufuta mwaka 1963 kwa kuugeuza kuwa ukodishaji wa serikali, na mwaka 1969 ukodishaji huo nao ukageuzwa kuwa haki ya kumiliki kwa masharti. Anayekuonyesha karatasi ya Kijerumani au ya Kiingereza yenye mihuri mizuri amekuonyesha kumbukumbu ya thamani, ila hiyo siyo hati ya kukuuzia. Hati ya leo ina miaka: 33, 66 au 99. Hesabu imebaki mingapi.

Kisha kuna mwaka 1971. Mwezi wa Aprili mwaka huo serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 majukumu yake yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa hiyo nyumba nzuri ya zamani mjini inaweza kuwa imekaliwa na familia moja kwa miaka arobaini, majirani wote wakaiita ya mzee fulani, na kumbe mzee alikuwa mpangaji. Majengo mengine ni ya taasisi. Amani, upande wa mashariki wa Usambara, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 iliacha nyumba nyingi za watumishi, na hizo ni mali ya umma. Nyumba za misheni ni za madhehebu, na mali ya dhehebu inashikwa na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa. Mchungaji, padri au mwenyekiti wa baraza la usharika hawezi kukuuzia peke yake hata kama ana funguo, na hata kama ni mtu mwema. Muhuri na saini za wadhamini ndizo zinazouza.

Usitegemee nakala ya hati unayoonyeshwa kwenye simu. Fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati katika ofisi ya ardhi ya mkoa, Tanga, ujue mmiliki aliyesajiliwa, rehani, zuio la mahakama na masharti ya matumizi. Halafu nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri. Eneo hili lina halmashauri ya Lushoto na ya Bumbuli. Hakikisha unauliza mahali sahihi. Linganisha ramani ya upimaji na bikoni zilizo ardhini, ukiwa na mpimaji na majirani. Milimani ukingo wa shamba mara nyingi ni kijito au mstari wa miti, na kijito huhama. Kama hakuna hati na unaambiwa ni ardhi ya kijiji, uuzaji wake unapitia halmashauri ya kijiji yenyewe, kwa kikao na muhtasari. Saini ya mwenyekiti peke yake barazani kwake haitoshi. Na kama wewe si raia wa Tanzania, sheria haikupi ardhi ya kuishi tu. Njia iliyopo ni ya uwekezaji, na usikubali ushauri wa kutumia jina la rafiki. Umiliki wa jina la kuazima umewaacha wengi bila nyumba na bila rafiki.

Uliza familia. Nyumba ya marehemu inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, wala si mtoto mkubwa kwa sababu ni mkubwa. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema hivyo waziwazi. Ninasisitiza mkutane na mke mwenyewe, ana kwa ana, aseme kwa kinywa chake. Nimeona mikataba yenye alama ya dole gumba ya mama ambaye hakuwahi kuelezwa alichokuwa akikubali, na sitaki jina lako liwe kwenye mkataba wa namna hiyo.

Baada ya hapo, uliza kijiji. Mashamba mengi ya walowezi yalikatwa kutoka ardhi ya Wasambaa, na kumbukumbu hiyo haijafutika. Mara nyingi ndani ya uwanja wako kuna njia ya miguu inayotumiwa na wanawake kwenda chemchemi, au kaburi, au mti wa kuabudia. Hati inaweza isiitaje njia hiyo, lakini ukiifunga kwa geti, umeanza vibaya na watu utakaoishi nao. Ujue mapema, uamue mapema kama unaweza kuishi nayo. Mimi naona nyumba yenye njia ya watu ni salama kuliko iliyozungushiwa ukuta, kwa kuwa macho ya jirani yanailinda usipokuwapo.

Maji ya kunywa yanastahili swali lake. Kama nyumba inavuta maji kutoka chemchemi au kijito, kuna kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Pangani, au ni bomba lililowekwa tu? Wakulima wa mboga wanavuta maji hayohayo wakati wa kiangazi, na mwenye kibali ndiye mwenye pa kusemea. Kumbuka pia kwamba sheria inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Kama umepanga kuongeza vyumba vya wageni upande wa kijito, pima kwanza. Na kama uwanja unapakana na msitu wa Magamba, mpaka wa hifadhi uonyeshwe na Wakala wa Huduma za Misitu, si na muuzaji.

Upande wa fedha: wakili wako awe wako, si wa muuzaji. Lipa kwa benki. Gawa malipo, na sehemu ya maana ibaki hadi uhamisho usajiliwe kwa jina lako. Kodi ya faida ya mauzo ni ya muuzaji, ila uhamisho hausajiliwi bila uthibitisho wa kulipwa kwake, kwa hiyo asipoilipa unayekwama ni wewe; iandikwe ndani ya mkataba. Madeni ya pango la ardhi yakaguliwe. Kodi ya majengo tangu mwaka 2021 inakatwa kupitia LUKU, lakini mita iliyokaa bila kutumika inaweza kuwa imelimbikiza deni.

Wanunuzi wengi wanadhani nyumba ya kale inalindwa na serikali, kwa hiyo kila alichofanya muuzaji kimekaguliwa. Sivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baadaye yanalindwa kama yametangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Nyumba zote za Wajerumani na Waingereza za Lushoto ni za baada ya mwaka huo. Uliza Idara ya Mambo ya Kale kama unayoitaka imetangazwa. Ikiwa imetangazwa, huwezi kugusa kitu bila ruhusa yao, na hilo ujue kabla ya kulipa. Ikiwa haijatangazwa, mlinzi wake ni mmiliki peke yake. Hakuna atakayekuzuia kung'oa vifunga-dirisha vya mbao na kuweka aluminiamu, au kuchoma mtarakwa kama kuni. Jambo hili linanihuzunisha. Mikindani, boma la Wajerumani la mwaka 1895 liliokolewa kwa sababu watu waliamua kulikarabati na kulifanya hoteli, likapata mapato ya kujitunza. Lushoto inastahili uamuzi kama huo nyumba kwa nyumba, na unaanza na wanunuzi wanaojua wanachonunua.

Kwa hiyo nakuomba mambo machache. Ukiinunua, fukua mtaro wa nyuma kabla hujanunua makochi. Piga picha kila chumba, ndani na nje, kabla fundi hajaingia. Mpe fundi wako chokaa badala ya saruji kwenye kuta za kale, na ukae naye siku ya kwanza. Na kama ni lazima ubadilishe madirisha au milango, ya zamani usiyauze wala usiyachome: yaandike namba, yahifadhi darini mahali pakavu, ili atakayeinunua kwako aweze kuyarudisha.